SOMO LA TISA: UJIRA WA KALAMU NA ULIMI

Juma lililopita tulimaliza habari ya kupanga hotuba: namna ya kuianza, namna ya kuiendesha, na namna ya kuikomesha kabla watu hawajaanza kutazama saa zao. Masomo yote manane yaliyopita yalihusu kuandika vizuri na kusema vizuri. Leo twaingia sokoni. Mtu akiisha kuijua kazi hii, atapataje fedha kwayo, na atajilindaje asipunjwe? Viongozi wa vikundi vya kusikiliza, tafadhali wekeni ubao karibu, maana kuna hesabu kidogo mbele.

Nianze na jambo la haya. Watu wengi wa kwetu huona aibu kutaja bei ya maneno. Seremala akiulizwa bei ya kitanda huitaja papo hapo, na hakuna amwonaye mchoyo. Fundi cherehani huchukua vipimo na arbuni kabla hajagusa kitambaa. Lakini mtu ajuaye kusema akiitwa awe mshereheshaji wa arusi, asimame tangu saa mbili ya usiku hata saa saba, huambiwa, "Aa, wewe si kusema tu! Njoo utusaidie." Na mwenye arusi huyo amelipa ukumbi, amelipa viti, amelipa wapishi, wapiga muziki na mpiga picha. Kumsaidia ndugu au jirani ni wema, nami sitaki somo hili liwatoe watu katika wema. Lakini ukiamua kumsaidia mtu, mwambie wazi kwamba bei ya kazi hii ni shilingi kadha, nawe unampa bure kwa ajili ya udugu. Hapo atajua kuwa amepewa kitu, na jirani yake akikuita mwezi ujao atajua pa kuanzia.

Sasa tutazame bidhaa yenyewe. Seremala akiisha kuuza kitanda, kitanda kimekwenda. Hawezi kukiuza tena kwa mtu wa pili. Biashara ya mwandishi si ya namna hiyo. Karatasi aliyoiandikia haina thamani kubwa. Anachouza ni ruhusa: ruhusa ya kuchapa maneno yake, au kuyasoma redioni, au kuyatafsiri kwa lugha nyingine, au kuyafanya mchezo wa kuigiza au wa sinema, au kuyatia katika simu za watu. Ruhusa hiyo yaweza kukatwa vipande kama jora la kitambaa, na kila kipande kikauzwa kwa mtu wake, kwa muda wake na kwa bei yake. Karibu hasara zote za waandishi ambazo nimezisikia katika kazi hii zatoka hapo: mtu alidhani anauza kipande, kumbe ameuza jora zima.

Mali hii sheria huiita hakimiliki. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na Zanzibar ya mwaka 2003. Kwa Tanzania Bara na Kenya, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Huhitaji kuomba cheti ndipo uwe nayo. Umeipata siku ile ulipoyaandika maneno. Hata hivyo kuiandikisha kazi katika ofisi inayohusika, yaani COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, kwakupa ushahidi siku ya ugomvi. Tena fahamu kwamba sheria hulinda maneno jinsi ulivyoyapanga, hailindi wazo. Hadithi ya sungura kumdanganya simba ni ya kila mtu. Sungura wako, kwa maneno yako, ni wako. Basi usimshitaki mtu eti kwa sababu naye ameandika juu ya mke mwenza mwenye wivu.

Nitatoa mfano wa zamani wenye hesabu iliyo wazi. Huko London, mwaka 1667, mshairi John Milton, ambaye alikuwa amekwisha kuwa kipofu, alitia mkataba na mpiga chapa mmoja juu ya utenzi wake mrefu uitwao Paradise Lost. Alipewa pauni 5 mkononi. Akaahidiwa pauni 5 nyingine zikiisha kuuzwa nakala 1,300 za chapa ya kwanza, na kadhalika kwa chapa ya pili na ya tatu. Milton mwenyewe alipokea pauni 10 tu katika uhai wake. Alikufa mwaka 1674. Mwaka 1680 mjane wake aliiachilia haki yote iliyobaki kwa pauni 8. Jumla ni pauni 18 kwa utenzi ambao hata leo unachapwa na kusomwa katika vyuo vya dunia nzima.

Watu husimulia habari hii ili wamcheke Milton. Mimi naona mkataba wake haukuwa wa kipumbavu. Ulikuwa na jambo la maana sana, nalo ni kwamba kitabu kikiuzwa zaidi, mwandishi alipwe zaidi. Jora zima lilikwenda siku ile ya pauni 8, mjane alipoacha yote kwa mkupuo mmoja.

Njooni ubaoni. Tuseme umeandika kitabu cha hadithi kwa ajili ya watoto wa shule, na kitauzwa shilingi 10,000 dukani. Mchapishaji akuletea njia tatu uchague. Ya kwanza, akupe shilingi 800,000 taslimu leo, nawe umwachie haki zote. Ya pili, akupe mrabaha wa kumi kwa mia ya bei ya dukani. Ya tatu, mrabaha wa kumi kwa mia ya fedha anazozipokea yeye. Njia mbili za mwisho zafanana kwa sauti, lakini hazifanani kwa shilingi. Kama mwenye duka hukata thelathini kwa mia, basi katika kila nakala mchapishaji hupokea shilingi 7,000. Kumi kwa mia ya 10,000 ni shilingi 1,000; kumi kwa mia ya 7,000 ni shilingi 700. Zikiuzwa nakala 2,000, njia ya pili yakupa shilingi 2,000,000, na ya tatu yakupa 1,400,000. Maneno mawili au matatu katika karatasi yamekuondolea shilingi 600,000, wala hakuna mtu aliyekuibia.

Na ile 800,000 taslimu? Kama kitabu kitauzwa nakala mia nane kisha kife, umepata zaidi kuliko njia nyingine ya tatu, tena umepata mapema. Lakini kikichukuliwa na shule nyingi, kikauzwa nakala 20,000, njia ya tatu ingekupa shilingi 14,000,000, nawe una 800,000 ulizokwisha kuzila. Sisemi kwamba kuuza kwa mkupuo ni kosa sikuzote. Mtu mwenye mtoto hospitali ana hesabu yake, nami sitamhukumu. Kama ni lazima upokee mkupuo, basi punguza unachouza: toa ruhusa ya chapa ya kwanza tu, au ya miaka mitano tu, au ya kitabu cha karatasi peke yake. Mara nyingi mnunuzi atakubali, maana na yeye ana mashaka kama kitabu kitanunuliwa.

Yaangalieni sana maneno "haki zote" katika hati. Na wasikilizaji wetu wa Kenya wawe waangalifu zaidi katika jambo moja. Kwa sheria yao, mtu akikuagiza umwandikie kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmepatana vinginevyo. Ni hivyo hivyo kwa kazi uliyoifanya katika ajira yako. Huko, kunyamaza ni kuuza. Ukitaka kubakiza kitu, sema kabla, na kiandikwe.

Juu ya kuandikwa nina barua hapa. Bibi mmoja wa wilaya ya Muheza, jina lake tutalihifadhi, alituandikia baada ya somo letu la nne. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu, na aliandika kitabu cha masimulizi ambacho bado kiko madukani. Mjukuu wao alikiona na kukinunua. Mwalimu alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo nyumba haijapokea hata senti. Bibi yule auliza: je, haki ya kitabu ilizikwa pamoja na mwenyewe?

Tulimwomba atutafutie mkataba. Aliukuta katika sanduku la bati, chini ya vyeti vya ualimu, akatuletea nakala yake. Hati yasema mchapishaji atalipa kumi kwa mia ya fedha zilizopokelewa, na kwamba atapeleka hesabu ya mauzo kila mwaka. Haisemi popote kwamba haki zimeuzwa. Basi jibu ni kwamba haki haikuzikwa. Ni mali ya mirathi kama shamba na nyumba. Tukamweleza bibi njia ya kufuata. Kwanza ukoo ukae, umchague msimamizi wa mirathi, naye aende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe. Kisha msimamizi amwandikie mchapishaji, aambatanishe nakala ya cheti cha kifo, ya barua ya mahakama na ya mkataba, adai hesabu ya mauzo ya miaka yote sita, na ataje akaunti ya benki ya kupelekea fedha. Asiandike kwa matusi, maana yawezekana barua za mchapishaji zilirudi kwa kukosa mwenyewe. Barua imepelekwa. Mpaka tunarekodi somo hili jibu halijafika, nami nimemshauri bibi kwamba zikipita siku thelathini aende na hati zake katika ofisi ya hakimiliki.

Nawaombeni mtazame ni kitu gani kilichomwokoa bibi huyu. Ni karatasi moja iliyotunzwa katika sanduku, na mke aliyejua sanduku liko wapi. Wewe uliyetia sahihi mkataba mwaka jana, je, mkeo au mumeo anajua umeuweka wapi? Vitabu huishi kuliko waandishi wao. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na utenzi wake wa Vita vya Uhuru ulitoka kitabuni mwaka 1967, na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968. Mwenye kuacha miswada nyumbani ameacha mali, hata kama warithi waiona kuwa ni takataka za panya.

Kabla hatujaiacha habari ya vitabu, wako watu wawili ambao vijana wengi huwachanganya. Mpiga chapa ni fundi: wewe humlipa yeye, naye hukupa mafurushi ya vitabu. Mchapishaji hugharimia kitabu yeye mwenyewe, kisha hukulipa wewe. Akija mtu ajiitaye mchapishaji akataka umlipe wewe, jua kwamba mbele yako yuko mpiga chapa aliyevaa koti la mwenziwe. Si dhambi kumlipa mpiga chapa na kuuza vitabu vyako mwenyewe. Wako waliofanikiwa, hasa wenye wasomaji wanaowajua kwa majina, kama mwalimu aandikaye vitabu vya masomo ya ziada au shehe mwenye wanafunzi wake. Lakini hesabu kwanza ni nani watakaonunua, mmoja mmoja, ndipo uagize idadi ya nakala. Nimeona nakala mia tisa chini ya kitanda, na mchwa ndio waliokuwa wasomaji wake.

Kadhalika yako mashindano ya uandishi yenye zawadi za fedha, kama vile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanzishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2022. Shindaneni. Ila katika mashindano yoyote someni masharti mpaka mstari wa mwisho, mjue kama mshindi hubaki na hakimiliki yake, na mjue pia habari ya asiyeshinda.

Tuje kwa watafsiri, maana huku ndiko fedha inakopatikana upesi kuliko katika hadithi. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, iliikubali lugha yetu kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na mikutano, miongozo ya dawa, maelezo ya mashine na matangazo ya mabenki yote yataka watu wa kuyageuza. Desturi ni kutoza kwa neno. Hapa iko hila ya lugha yenyewe, nayo watafsiri wapya huwaponyoka. Kiswahili hufunga mambo mengi katika neno moja. Neno letu "sitakuambia" ni moja, lakini Mwingereza atahitaji maneno matano kusema hilo. Basi ukitafsiri toka Kiingereza kwenda Kiswahili, ukakubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili, umejipunja, maana karatasi yako itakuwa na maneno machache kuliko ya mwenye kazi. Hesabu maneno ya Kiingereza. Na ukitafsiri toka Kiswahili kwenda Kiingereza, ama hesabu tena maneno ya Kiingereza uliyoyatoa, ama upandishe bei ya neno la Kiswahili. Usikubali "kwa ukurasa" bila kuuliza ukurasa una maneno mangapi. Nimeletewa ukurasa wenye herufi kama mayai ya chawa. Na kazi ya kesho asubuhi isiwe na bei moja na kazi ya juma zima.

Mkalimani, yaani mwenye kugeuza maneno kwa mdomo hapo hapo mkutanoni, huhesabiwa kwa siku au kwa nusu siku. Kusikiliza lugha moja huku ukisema nyingine kwa wakati ule ule ni kazi ya kuchosha mno. Ndiyo maana katika kibanda cha wakalimani huwekwa watu wawili wanaopokezana, kwa kawaida kila baada ya nusu saa hivi. Ukiitwa peke yako kwa kutwa nzima ya namna hiyo, kataa, au mtafute mwenzio na bei iwe ya wawili. Baada ya saa moja akili huanza kuteleza, na mkutano ukiharibika jina litakaloharibika ni lako. Tena omba hotuba siku moja kabla, ili upate majina ya watu, ya idara na ya magonjwa. Mwenye mkutano akisema hotuba ni siri, mwambie utaisikia kesho kwa vyovyote.

Sasa wasemaji. Mshereheshaji, msomaji wa matangazo, mwalimu wa semina, mwenye kualikwa atoe hotuba, wote huuza saa zao, na wengine huuza sauti pia. Nitawaonyesha barua fupi. Iandikeni katika madaftari, mbadilishe mnayotaka kubadilisha:

"Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Arusi. Salaam. Nimekubali kuwa mshereheshaji wa arusi ya tarehe 14 Juni, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Ujira wangu ni shilingi 300,000. Naomba nusu yake, shilingi 150,000, nilipwe kabla ya tarehe 31 Mei, na nusu iliyobaki kabla sijapanda jukwaani. Kila saa itakayozidi saa 6 italipwa shilingi 40,000. Gari la kunirudisha nyumbani litakuwa juu ya kamati. Arusi ikiahirishwa au ikivunjika baada ya tarehe 31 Mei, arbuni haitarudishwa. Tafadhali nijibu kwa maandishi kama tumekubaliana. Wenu mtiifu."

Barua hii haina hata neno moja la mahakamani, lakini imetaja kazi, siku, saa, bei, arbuni, saa za ziada, usafiri, na shari ikitokea. Jibu laweza kuwa ujumbe wa simu, usiufute. Kuhusu ile nusu ya pili kabla ya kupanda jukwaani, msione haya. Arusi ikiisha, mwenyekiti wa kamati hutafutwa na wapishi, na wenye viti, na wenye muziki, naye simu yake huwa imezimwa. Na fedha za tunzo watu wanazokubandika wakati wa furaha zichukue kwa shukrani, lakini usizitie katika hesabu ya ujira. Kamati ikikuambia, "Tutakulipa kidogo, utajazia kwa tunzo," yataka wageni wakulipe kwa niaba yake.

Anayesoma matangazo ya biashara arudi kwenye habari ya jora. Umesoma tangazo la sabuni kwa dakika moja, ukalipwa, ukaenda zako. Je, wauza sabuni waweza kulitumia kwa mwezi mmoja, kwa mwaka, au mpaka wajukuu wako waoe? Redioni tu, au katika televisheni na simu pia? Usipotaja, atakayetaja ni yeye. Mpe muda maalumu, na muda ukiisha akupigie tena. Swali hilo hilo ulizeni mkialikwa kufundisha semina na mkaona mashine ya kurekodi imewekwa mbele yenu: semina mmeitwa kuifundisha mara moja, lakini rekodi yaweza kufundisha mara mia bila ninyi.

Kalamu na ulimi vyaweza kusaidiana, na mfano mkubwa ni wa Mark Twain wa Marekani. Mwaka 1894 kampuni yake ya kuchapa vitabu ilifilisika, akabaki na madeni makubwa, naye umri wake ukikaribia miaka sitini. Sheria ingemruhusu alipe sehemu tu. Yeye aliamua kulipa yote. Mwaka 1895 akaanza safari ya kuizunguka dunia akitoa hotuba za kiingilio: Marekani, Australia, New Zealand, India, na Afrika Kusini alikomalizia mwaka 1896. Kisha akayaandika mambo ya safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Yaani safari moja iliuzwa mara mbili, kwanza kwa masikio na pili kwa macho. Kufikia mwaka 1898 wadai wake wote walikuwa wamelipwa.

Twain alijifunza kazi ya jukwaani kwa taabu. Katika ujana wake alikuwa akisahau mpango wa hotuba, basi akaziandika herufi za kwanza za sehemu zake juu ya kucha za vidole kwa wino. Watu wakaanza kushangaa kwa nini bwana huyu azitazama kucha zake kiasi kile. Baadaye aliacha herufi, akachora vipicha vidogo vya kumkumbusha, na kwa vipicha hivyo akakumbuka bila kutazama kitu. Jaribuni ninyi wenyewe. Nimewapa walimu wetu zoezi hilo mara nyingi, na hata asiyejua kuchora hufaidika, maana mbuzi mwenye miguu mitatu hasahauliki.

Wengine watauliza kama yafaa kuacha kazi ili kuishi kwa kalamu. Shaaban Robert niliyemtaja aliingia kazi ya serikali mwaka 1926 katika idara ya forodha, na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini, huku akiandika. Kama mtu yule, kwa kalamu ile, hakuuacha mshahara, mimi sitakuambia uuache kwa sababu umelipwa makala mbili. Anza na kazi za tafsiri na za jukwaani, ambazo hulipa mwezi huu, na kitabu kiandike alfajiri. Weka daftari la mapato: tarehe, kazi, mnunuzi, fedha uliyoahidiwa, fedha uliyopokea. Mnunuzi akikata kodi katika malipo yako, mdai hati ya makato hayo, ili usije ukatozwa mara ya pili. Daftari hilo likikuonyesha, mwaka mzima na nusu, kwamba kalamu imelipa kodi ya nyumba na ada za shule, ndipo tutazungumza tena.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo. Kila mwanafunzi aandike barua ya makubaliano ya nusu ukurasa, kwa kazi moja ambayo kweli aweza kuitwa aifanye: kutafsiri, kusherehesha, kusoma tangazo au kuandika kitabu. Ataje ni ruhusa gani anaitoa na kwa muda gani. Kisha kikundi kigawane wawili wawili, mmoja awe mnunuzi bahili, na wabishane bei kwa dakika kumi bila kuvunja adabu. Wenye mikataba ya zamani majumbani waitafute, hata kama ni ya marehemu, waje nayo. Juma lijalo tutachukua hati moja ya mchapishaji na kuisoma sentensi kwa sentensi. Leteni kalamu nyekundu.